Hajjat Betty Shabazz: Mwalimu, mshauri na bibi aliyefia katika ulezi

Leo tumekusudia kumkumbuka mwanamke mmoja wa Kiislamu wa Marekani ambaye wengi wetu tunamjua kwa jina la mumewe tu. Tunapolitaja jina la Malcolm X, yaani Al-Hajj Malik el-Shabazz, vijana wetu hujua mara moja tunamzungumzia nani. Lakini ukiwauliza habari za mjane wake, aliyeishi miaka 32 baada yake, aliyelea mabinti sita peke yake, aliyesoma mpaka akawa daktari wa elimu na kisha akafanya kazi chuoni kwa zaidi ya miaka 20, utaona wananyamaza.

Jina lake la kuzaliwa ni Betty Dean Sanders, na alizaliwa tarehe 28 Mei, 1934. Utoto wake haukuwa mwepesi. Akiwa na umri wa miaka 11 hivi alichukuliwa na wazazi walezi katika mji wa Detroit, Bwana Lorenzo Malloy aliyekuwa mfanyabiashara, na mkewe Bi Helen, mwanamke aliyeshika nafasi katika umoja wa kina mama weusi wa mji huo waliohimizana kununua kwenye maduka ya watu wao. Tunalitaja jambo hili kwa makusudi. Huyu tutakayemwona baadaye akiwakusanya watoto wa wenzake na mjukuu wake chini ya bawa lake, naye alikuwa mtoto aliyekusanywa na watu wasiomzaa.

Alipomaliza shule alikwenda Tuskegee, katika jimbo la Alabama, kusomea ualimu. Huko kusini ndiko alikokutana na ubaguzi wa rangi uso kwa uso, ubaguzi ambao wazazi wake walezi hawakupenda kuuzungumza nyumbani. Hakustahimili. Mwaka 1953 aliacha masomo yale, akahamia New York kusomea uuguzi. Ndipo mwaka 1956 alipokutana na Malcolm, na mwaka huohuo akajiunga na jumuiya ya Nation of Islam. Ndugu zetu watakumbuka kwamba jumuiya ile, chini ya Elijah Muhammad, ilikuwa na mafundisho mengi yaliyo mbali na Uislamu tunaoujua, na kubwa zaidi ni yale ya kumpa kiongozi wao daraja ya utume. Hata hivyo ndiyo iliyokuwa mlango wao. Betty aliwafundisha kina mama wa msikiti wa Harlem masomo ya afya na usafi, na hapo tayari tunauona ualimu wake. Tarehe 14 Januari, 1958 wakafunga ndoa katika mji wa Lansing, Michigan. Posa yenyewe, kwa wale wanaopenda kujua, ilitolewa kwa simu.

Mabinti wakafuata: Attallah mwaka 1958, Qubilah mwaka 1960, Ilyasah mwaka 1962, na Gamilah Lumumba mwanzoni mwa Julai 1964, ambaye jina lake la pili ni la shujaa wa Kongo. Mtoto huyu wa nne alikuwa na umri wa siku chache tu baba yake aliposafiri kuja Afrika. Safari hiyo ndiyo iliyomfikisha Zanzibar na Dar es Salaam katika mwezi wa Oktoba mwaka ule, akakutana na Abdulrahman Babu na Rais Nyerere, na ndiyo safari ambayo watu wetu wa pwani bado wanaisimulia. Hatukumbuki kusikia katika masimulizi hayo mtu akiuliza: na nyumbani kuna nani? Nyumbani, New York, alikuwako mwanamke wa miaka 30 na watoto wanne wadogo, simu zenye vitisho zikilia mchana na usiku. Mumewe alirudi mwishoni mwa Novemba.

Wakati huo Malcolm alikuwa ameshaachana na jumuiya ya Elijah Muhammad, amekwenda kuhiji mwezi wa Aprili 1964, na amerudi akiwa Muislamu anayeswali safu moja na watu wa rangi zote. Uadui wa wenzake wa zamani ukazidi. Mahakama ilikwishaamuru familia ihame nyumba waliyokaa huko Queens, kwa kuwa ilikuwa mali ya jumuiya. Kisha, usiku wa manane wa kuamkia tarehe 14 Februari, 1965, nyumba hiyo ikarushiwa mabomu ya petroli watoto wakiwa usingizini. Wote walitoka salama. Wiki moja baadaye, tarehe 21 Februari, katika ukumbi wa Audubon, Malcolm alipigwa risasi mbele ya mkewe na mabinti zake. Betty aliwafunika watoto kwa mwili wake. Alikuwa na mimba ya mapacha, ingawa hakuna aliyejua wakati ule kwamba ni mapacha.

Mapacha hao, Malikah na Malaak, walizaliwa mwishoni mwa Septemba mwaka huohuo. Hawakumwona baba yao.

Hapa tusimame kidogo. Mjane huyu, kabla ya kujifungua, alifanya jambo ambalo pengine ndilo lililomwokoa. Mwishoni mwa mwezi wa Machi 1965 alifunga safari kwenda Makka, akahiji Hijja ya mwaka 1384. Msomaji mjuzi wa fiqhi atauliza mara moja: vipi mwanamke aliye katika eda akasafiri, ilhali Surat At-Talaq imeweka wazi kwamba eda ya mwenye mimba humalizika kwa kujifungua? Swali ni la haki, na wanazuoni wamelizungumza kwa urefu katika vitabu vyao. Sisi hatukuandika makala haya kutoa fatwa juu ya mtu aliyekwishatangulia mbele ya haki. Tunachokiona ni mwanamke aliyekuwa mgeni katika dini, aliyebomolewa nyumba na kuuliwa mume ndani ya siku saba, ambaye hakuwa na mahali pengine pa kukimbilia isipokuwa kwa Mola wake. Hujaji mmoja huko alimpa jina la Bahiyah, lenye maana ya mwenye kung'ara kwa uzuri. Miaka mingi baadaye, mwaka 1992, aliandika kwamba hajui angekuwa wapi leo lau si kwenda Makka kipindi kile.

Aliporudi hakuwa na nyumba wala akiba. Mwigizaji Ruby Dee na Bi Juanita Poitier waliongoza kamati ya kina mama iliyochangisha fedha, na kwa msaada huo akanunua nyumba katika mji wa Mount Vernon, nje kidogo ya jiji la New York. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba anayemlea yatima atakuwa naye Peponi kwa ukaribu wa vidole viwili, na sisi tumezoea kuyasoma maneno hayo tukimfikiria mtu wa nje aliyemchukua yatima asiye wake. Mama mjane naye analea yatima. Tena huyu wetu alilea sita, huku nchi nzima ikibishana kama baba yao alikuwa shujaa au mtu wa vurugu.

Binti yake wa tatu, Ilyasah, ameandika kitabu cha kumbukumbu kiitwacho Growing Up X, kilichotoka mwaka 2002, na picha anayoichora humo itamshangaza anayetarajia kuona nyumba ya maombolezo. Ni nyumba ya masomo, muziki, kambi za watoto wakati wa likizo na wageni. Mama hakutaka mabinti wakue wakihesabu maadui wa baba yao. Wapo waliomlaumu kwa kuwalea kama watoto wa watu wenye nafasi, eti jambo hilo halifanani na jina la Malcolm X. Sisi tunaona lawama hiyo haina uzito. Anayetaka watoto wa shahidi waishi kwa dhiki ili yeye apate kuguswa moyo, hajawahi kuamka alfajiri kuandaa watoto sita kwenda shule.

Mwishoni mwa mwaka 1969, mdogo wa mwisho akiwa na miaka minne, Betty alirudi darasani. Alijiandikisha katika chuo cha ualimu cha Jersey City, akakamilisha shahada ya kwanza ya elimu kwa mwaka mmoja, akaunganisha na shahada ya pili katika uongozi wa afya. Mwaka 1972 akaanza masomo ya udaktari wa elimu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts kilichoko Amherst. Utaratibu wake kwa miaka mitatu ulikuwa huu: kila Jumatatu asubuhi anaendesha gari kutoka Mount Vernon mpaka Amherst, safari ya saa kadhaa, na Jumatano usiku anarejea kwa watoto. Mwezi wa Julai 1975 alitetea tasnifu yake akiwa na umri wa miaka 41. Tunawaandikia habari hii hasa dada zetu ambao wameambiwa, au wamejiambia wenyewe, kwamba umri umekwisha na watoto ni wengi mno.

Januari 1976 aliajiriwa kuwa profesa mshiriki wa sayansi ya afya katika Chuo cha Medgar Evers, Brooklyn. Chuo hiki ni cha serikali ya jiji, na kimepewa jina la mpigania haki aliyeuawa kwa risasi mbele ya nyumba yake huko Mississippi mwaka 1963. Basi mjane wa Malcolm akawa anaingia kazini kila siku kwenye lango lenye jina la mume wa mjane mwingine. Mjane huyo, Bi Myrlie Evers, alikuwa rafiki yake, na wa tatu wao alikuwa Bi Coretta Scott King, ambaye mumewe aliuawa mwaka 1968. Waume zao hawakukubaliana katika mengi wakati wa uhai. Wake zao walikaa pamoja.

Wanafunzi wa Medgar Evers wengi wao walikuwa wanawake weusi, na wengi katika hao walikuwa tayari wana watoto. Walikuja darasani baada ya kazi, wamechoka, hawana uhakika wa karo ya muhula ujao, na nyumbani kuna mtoto anayeumwa. Mtu anayekaa mbele ya wanafunzi wa namna hiyo hawezi kuwa mwalimu peke yake. Atakuwa mshauri, apende asipende. Na ushauri wa Dk. Betty ulikuwa na jambo ambalo halipatikani katika cheti chochote: alikuwa amepita njia ileile. Aliposema inawezekana kusoma huku unalea, mbele yake hapakuwa na wa kumjibu kwamba wewe hujui. Aliongoza idara ya sayansi ya afya, na baadaye akawa mkurugenzi wa maendeleo ya chuo, kazi iliyokuwa pamoja na kukitafutia fedha na marafiki. Nafasi hiyo aliishika mpaka kufa kwake. Angeweza kuishi kwa kualikwa mikutanoni na kusimulia habari za mumewe, na mialiko haikukosekana. Yeye alichagua ofisi, foleni ya wanafunzi mlangoni, na barua za kuomba ufadhili.

Katika shule zetu nyingi nafasi ya mwalimu wa ushauri nasaha hupewa yeyote ambaye vipindi vyake ni vichache. Tunaiona kama kazi ya ziada. Lakini muulize mtu mzima yeyote ni mwalimu gani anayemkumbuka, na mara nyingi hatakutajia aliyemfundisha hesabu vizuri. Atakutajia aliyemwita pembeni siku ile.

Tunakuja sasa kwenye sehemu iliyo nzito. Qubilah, binti wa pili, alikuwa na miaka minne alipoona baba yake akiuawa. Mwezi wa Januari 1995 alishitakiwa kwa tuhuma za kumkodi mtu amuue Louis Farrakhan, kiongozi wa Nation of Islam, ambaye mama yake alikuwa amesema hadharani kwamba anamshuku kuhusika na kifo cha Malcolm. Farrakhan alikanusha. Kesi iliishia kwa makubaliano: Qubilah atibiwe kisaikolojia na kuepushwa na ulevi, kwa muda wa miaka miwili. Mwezi wa Mei mwaka huohuo, katika ukumbi wa Apollo huko Harlem, ilifanyika hafla ya kuchangia gharama za kesi hiyo. Dk. Betty alipanda jukwaani na Farrakhan. Fikiri, ndugu msomaji, uzito wa hatua zile chache kuelekea kwa mtu ambaye moyo wako umemshuku kwa miaka 30. Alizipiga kwa ajili ya mtoto wake.

Qubilah alikuwa na mtoto wa kiume, aliyezaliwa Paris mwaka 1984, aliyepewa jina la babu yake: Malcolm. Wakati mama yake anatibiwa huko Texas, kijana huyu alikaa na bibi yake. Alikuwa ameshahamahama nyumba na shule nyingi, na dalili za kusumbuka zilionekana. Bibi alikuwa na miaka 60 na ushei, ana kazi ya kutwa nzima chuoni, na sasa kuna mvulana wa miaka 12 sebuleni. Alimpokea.

Ni nani katika sisi asiyeijua hali hii? Mtoto amekuwa mgumu, wazazi wana matatizo yao, basi anapelekwa kwa bibi. Na bibi hakatai, kwa sababu neno hilo halimo katika kamusi yake. Dini yetu imeujua ulezi huu tangu mwanzo. Mtume wetu (s.a.w.) alipofiwa na mama yake alilelewa na babu yake Abdul Muttalib mpaka alipofikia miaka minane. Yeye mwenyewe, akiwa babu, alimbeba Umama binti Zaynab mabegani akiwa katika Swala, akimweka chini anaposujudu na kumnyanyua anaposimama. Lakini tuwe wakweli: mara nyingi tunampelekea bibi mtoto bila kumweleza kilichomo moyoni mwake, na bila kumpa bibi msaada wowote zaidi ya nauli ya mtoto. Upendo wa bibi ni mkubwa, ila hauwezi kufanya kazi ya tabibu, na hauwezi kumrudishia mtoto mama yake.

Kijana Malcolm alitaka kurudi kwa mama yake. Usiku wa tarehe 1 Juni, 1997 aliwasha moto katika nyumba ya bibi yake huko Yonkers. Dk. Betty aliungua zaidi ya asilimia 80 ya mwili wake. Kwa wiki tatu madaktari wa hospitali ya Jacobi walihangaika naye katika chumba cha wagonjwa mahututi, wakamfanyia upasuaji mara tano wa kubadilisha ngozi iliyoungua. Tarehe 23 Juni, 1997 akafariki dunia. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Alikuwa na miaka 63.

Aliyewahi kuokoka moto uliorushwa na maadui mwaka 1965 alikufa kwa moto uliowashwa na mtoto wa mtoto wake. Tunajua kwamba katika hadithi ya Jabir bin Atik, iliyopokewa na Abu Dawud na wengineo, aliyekufa kwa kuungua ametajwa miongoni mwa mashahidi, na tunamuomba Mwenyezi Mungu amjaalie daraja hiyo.

Aliswaliwa katika Kituo cha Kiislamu cha New York na kuzikwa katika makaburi ya Ferncliff, huko Hartsdale, ubavuni mwa mumewe. Siku ya kumkumbuka katika kanisa la Riverside, ambako hadhara ya watu wa dini zote ilikusanyika, walifika zaidi ya watu 2,000, na miongoni mwao Bi Coretta na Bi Myrlie. Mwaka 2005, ukumbi ule wa Audubon alikouawa mumewe ukafunguliwa kuwa kituo cha kumbukumbu na elimu chenye majina yao wote wawili.

Na kijana je? Sheria yetu inasema kalamu imeinuliwa kwa mtoto mpaka abaleghe, na jambo hili si rahisi kulikumbuka mbele ya jeneza. Familia ya Shabazz ililikumbuka. Mabinti wa marehemu hawakuomba kisasi. Walitaka mpwa wao atibiwe. Wakili aliyesimama kumtetea mtoto huyo alikuwa Percy Sutton, yuleyule aliyekuwa wakili wa babu yake. Mahakama ya watoto ilimpeleka katika kituo cha malezi kwa miezi 18, muda ambao ungeweza kuongezwa mpaka afikie miaka 18, na kweli ukaongezwa.

Alipokua alirudi gerezani zaidi ya mara moja kwa makosa mengine. Aliwaeleza waandishi wa habari majuto yake juu ya usiku ule, na kwamba hakukusudia bibi yake adhurike. Katika miaka yake ya mwisho alijishughulisha na dini, akasafiri nchi za Kiislamu na kuzungumza na vijana. Mwezi wa Mei 2013 aliuawa kwa kupigwa huko Mexico City, akiwa na umri wa miaka 28, akaacha mabinti wawili.